Kofia Kwenye Kiti

Noreen bado amesimama pale pale ulipomwacha, msomaji. Blanketi mkononi, mdomo wazi, macho kwenye kiti cha kukunja cha mama yake. Kiti hakina mtu. Juu yake kuna kofia nyekundu ya sufu, basi.

Mama Wilma hayupo. Na mlango wa duka ndio kwanza unafunguliwa.

"Yolanda!" Noreen akapiga kelele. "Yolanda, amka! Mama yuko wapi?"

Yolanda, jirani yake na shosti wake wa siku nyingi, alikuwa amepewa kazi moja tu asubuhi hiyo: amwangalie mama wakati Noreen anakimbilia gari kuchukua blanketi la pili. Akafumbua jicho moja juu ya skafu yake.

"Si huyo hapo?"

"Hapo wapi? Hapo pana kofia!"

Yolanda akageuza shingo. Usingizi ukamruka wote, hata wa kesho.

"Mungu wangu! Noreen, nimefumba macho kidogo tu. Kidogo tu, naapa!"

Noreen akamgeukia mzee mmoja wa nyuma yao, aliyekuwa anakunja kiti chake cha kuvulia samaki.

"Baba, samahani. Umemwona mama aliyekaa hapa?"

"Mama wa kofia nyekundu? Ameondoka kitambo."

"Kitambo! Na hukutuambia?"

"Nikwambie nini, dada?" Mzee akashangaa kweli. "Ameacha kofia kitini. Mtu akiacha kofia kitini, anarudi. Nafasi yake tumemlindia, hakuna aliyeigusa."

Noreen alitaka kumuuliza mama ameelekea wapi, lakini foleni ilikwisha kuwa mto. Watu wa mji wa Erie, waliokuwa wakigawiana kahawa tangu giza na kuoneshana picha za wajukuu, sasa walikuwa wanakanyagana vidole. Mzee akachukuliwa na watu, yeye na kiti chake.

Mzee hakuwa na kosa. Kila anayejua foleni za Ijumaa ya punguzo la bei madukani anaijua sheria hiyo. Kitu kikiwa juu ya kiti, nafasi ina mwenyewe na mwenyewe anarudi. Mama Wilma ndiye aliyewafundisha binti zake wawili sheria hiyo, enzi za duka la Hartwig, walipokuwa wanakuja naye usiku haujaisha vizuri, matumbo bado yamejaa bata mzinga wa jana.

Lakini huyo alikuwa Mama Wilma wa zamani. Mama Wilma wa sasa alikuwa anatoka nyumbani kwenda kwenye sanduku la barua, akakutwa kituo cha basi na gauni la kulalia.

Noreen akainyakua ile kofia akaisokomeza ndani ya koti.

"Peg asijue," akasema.

"Noreen..."

"Peg asijue! Ulikuwepo mezani jana, ulimsikia kwa masikio yako."

Naam, Yolanda alikuwepo na alimsikia. Katikati ya chakula cha Sikukuu ya Shukrani, ukoo mzima umekaa, Peg alitua uma wake akamtazama mdogo wake usoni. Mama akipotea mara moja tena, alisema, Januari anakwenda makao ya wazee. Sema ndiyo mbele ya watu wote hawa, Noreen. Na Noreen, kwa hasira, akasema ndiyo.

Sasa hata sahani za jana hazijakauka.

"Peg yuko mbele kabisa, ameshaingia," Noreen akasema. "Yeye ni wa kukimbilia vitu, hatoki huko mpaka toroli lijae. Tunampata Mama kabla hajageuka. Wewe shika upande wa viti. Ukipata kile kiti, usikiachie."

"Mama amepotea, wewe unawaza kiti?"

"Mama akipatikana atakaa wapi?"

Kiti chenyewe ndicho kilichowatoa vitandani. Kiti cha kuegemea, cha umeme, kinachomwinua mzee taratibu mpaka asimame mwenyewe. Peg alikuwa na maneno mengi kuhusu jinsi Mama asivyoweza tena kuinuka bila mtu. Noreen alitaka kumfunga mdomo kwa kiti hicho, nusu bei, kabla ya Krismasi.

Wakaingia.

Usiniulize duka lilikuwaje. Ulishawahi kuona watu wakigombea runinga huku wameshikana mikono wasipotezane? Basi, ndivyo lilivyokuwa.

Noreen hakuangalia runinga wala sufuria. Alikata kulia, moja kwa moja kuelekea kaunta za malipo za upande wa bustani, nyuma ya vyungu vya maua. Alikuwa na sababu. Kwenye familia yao kila mtu alikuwa na kazi yake siku hii. Peg alikimbilia vitu. Noreen alibeba. Na Mama Wilma hakununua chochote, alikwenda kusimama kwenye foleni ya kulipia na toroli tupu tangu dakika ya kwanza, ili wenzake wakija na mizigo wakute ameshafika mbele. Watu walimnunia sana kwa ujanja huo, na mwaka uliofuata wote wakaiga.

"Akili ikimtoka yote, hiyo itabaki," Noreen alijiambia. "Yuko foleni. Lazima yuko foleni."

Na kweli! Mbele kabisa, karibu na keshia, kofia nyekundu.

"Mama!" Noreen akapenya kati ya matoroli, akakanyaga mtu, akaomba radhi, akakanyaga mwingine. "Mama, umenitia wazimu!"

Akamshika bega. Kofia ikageuka. Chini yake palikuwa na ndevu.

"Mimi?" akauliza babu mmoja aliyevaa kofia ya Krismasi yenye kishungi cheupe.

Noreen akainua macho, na hapo ndipo moyo ulipomfia. Duka zima lilikuwa jekundu. Nusu ya watu walikuwa na kofia za Krismasi. Na mama yake hata hakuwa amevaa yake.

Simu ikalia mfukoni.

Peg.

Aliiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena. Peg si mtu wa kupuuzwa.

"Haloo, dada."

"Umeshika foleni?" Sauti ya Peg ilikuwa imetulia.

"Nimeshika."

"Mama yuko na wewe?"

Hapa ndipo Noreen alipokuwa na nafasi ya kusema kweli, msomaji wangu. Neno moja lingetosha. Lakini hofu ina ulimi wake.

"Yuko hapa. Anakula biskuti."

"Hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anawachekesha watu."

"Mpe simu."

"Eh?"

"Nataka kumwambia neno. Mpe simu, Noreen."

Noreen akaangaza huku na huku, na nani anamwona anakuja mbio akihema? Yolanda, ametoka kumtafuta Mama vyooni. Noreen akaziba simu kwa kiganja.

"Ni Peg. Anataka kuongea na Mama. Mfanye!"

"Nimfanye nani?"

"Mama! Si humwigiza kila Pasaka mpaka watu wanalia kwa kicheko? Mfanye!"

"Umechanganyikiwa."

"Yolanda, nakuomba. Nakupigia magoti hapa hapa."

Yolanda akaipokea simu kwa vidole viwili. Akafumba macho. Alipofungua kinywa, iliyotoka ni sauti ya Mama Wilma hasa, ile ya puani, yenye kukoroma mwishoni.

"Nani? Peggy? Sema upesi, mwanangu, nashikilia toroli."

Upande wa pili ukavuma upepo.

"Mama," Peg akasema, "umevaa kofia yako?"

"Nimevaa, tena mpaka masikioni. Nyinyi mnadhani mimi mtoto?"



"Sawa, Mama," Peg akasema. "Nimefurahi kukusikia."

Akakata. Yolanda akarudisha simu, uso umemshuka.

"Sirudii tena dhambi hii."

"Amekubali?"

"Amekubali. Lakini kuna kitu, Noreen. Mbona hapakuwa na kelele nyuma yake? Dada yako anaongea kutoka dukani, mimi nimesikia upepo."

Noreen hakusikia swali. Kichwa chake kilikuwa kimerudi garini, alfajiri, njiani kuja. Mama alikuwa amekaa mbele, kimya njia nzima. Walipolipita lile jengo la zamani la Hartwig, lililofungwa na kuwekwa mbao madirishani, Mama aligonga kioo kwa kidole. Mbona mnaupita mlango wetu, alisema. Na Noreen, akitafuta pa kuegesha, alimjibu tu ndiyo Mama, ndiyo Mama, bila kusikiliza.

"Hartwig!" akapiga kelele.

"Hartwig walishafunga."

"Mama hajui kama walifunga!"

Akatimua mbio.

Nje theluji ilikuwa imeanza tena, ile inayoletwa na upepo wa ziwani, ya kupiga pembeni. Jengo la Hartwig lilikuwa ng'ambo ya maegesho, mahali asipoegesha mtu tena. Noreen akavuka safu ya mwisho ya magari, na hapo akaziona nyayo.

Nyayo za mtu anayeburuza miguu. Alizijua. Alizifuta kila siku kwenye sakafu ya jikoni.

Kando yake, bega kwa bega, nyayo nyingine. Pana, za buti, za mtu mwenye hatua madhubuti.

Mama hakuondoka peke yake. Kuna mtu amemchukua.

Mwanamke mzee asiyekumbuka mtaa wake, na mtu asiyejulikana, gizani. Akakimbia akilia, akimwita mama yake kwa jina alilomwita utotoni, mpaka akaizunguka kona ya jengo.

Mlango wa Hartwig ulikuwa na mnyororo. Mbele ya mnyororo, amenyooka, mikono kwenye mifuko, alisimama Mama Wilma. Wa kwanza kwenye foleni. Na kwa kweli wa kwanza, maana nyuma yake palikuwa na mtu mmoja tu.

Peg.

Noreen hakujua alie au acheke. Alimkumbatia mama yake, akamshika mashavu, akampulizia vidole.

"Asante, dada," akamwambia Peg huku machozi yanamtiririka. "Asante kwa kumpata. Mungu akubariki."

Peg hakusogea.

"Nani yule niliyeongea naye kwenye simu, Noreen?"

Theluji ilikuwa inaingia machoni. Noreen hakuifuta.

"Nilikuwa nimesimama hapa hapa," Peg akaendelea. "Nimeushika mkono wa Mama. Na Mama ananiambia kwenye simu kwamba ameshikilia toroli. Kofia mpaka masikioni! Ni Yolanda, sivyo?"

"Niliogopa, Peg."

"Uliogopa. Angekuwa amelala chini ya gari, wewe unanichezea maigizo."

"Ungemchukua! Ulisema mwenyewe, mara moja tu tena na unamchukua!"

"Ungesema, 'Peg, Mama amepotea, njoo unisaidie,' ningekwambia yote hapo hapo. Nilitaka kusikia hilo tu."

Noreen akainamisha kichwa. Aibu ilimshika kweli. Na kwa kuwa alikuwa ametazama chini, akaona buti za dada yake. Pana. Madhubuti. Akatazama nyuma, kwenye nyayo zilizokuja bega kwa bega tangu maegesho.

Akainua uso polepole.

"Ungeniambia yote yapi?"

Peg akatupa jicho ubavuni mwa jengo.

"Hukumkuta hapa," Noreen akasema. "Ulimleta. Ulitoka mbele ya foleni ukaja ukamwinua kwenye kiti, Yolanda amelala, mimi nimewapa kisogo. Umemwiba Mama ili uonekane umeshinda!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Mwizi wewe! Mwizi wa mama yako mwenyewe!"

Gari la Peg lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa jengo, injini inaunguruma, taa ya ndani inawaka. Noreen akalisogelea kwa hasira, akitaka kumwingiza mama yake kwenye joto. Akafungua mlango wa nyuma.

Kwenye kiti palikuwa na sanduku la kahawia, lile Mama alilokwenda nalo fungate kwenye maporomoko ya Niagara alipoolewa. Juu yake, shali yake ya kanisani na picha ya Baba.

"Si Januari," Peg akasema nyuma yake, na sauti ilikuwa imevunjika. "Ni leo. Wanatusubiri kule makao."

Noreen akainua mkono. Nakwambia angempiga dada yake, yeye aliyekuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa, mbele ya mama yao. Lakini mkono ulidakwa hewani na vidole vyembamba vya baridi.

"Mimi ndiye niliyemwomba," Mama Wilma akasema.

Wote wawili wakageuka.

Macho yake yalikuwa maangavu. Noreen hakuwa ameyaona hivyo tangu kiangazi.

"Peggy alikataa mara nyingi. Nimemsumbua mimi. Leo akili yangu iko sawa, Noreen, na siku za hivi zinapungua. Nataka kwenda kwa miguu yangu, najua ninakokwenda. Sitaki kubebwa siku ambayo hata jina langu silijui."

"Mama, tuna nyumba. Una chumba chako. Nimekuja kukununulia kiti..."

"Najua. Umeacha kuimba kwaya kwa ajili yangu. Unalala na mlango wazi, nikikohoa unaamka. Unadhani sioni?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikikwambia unalia. Ukilia, nabaki. Tumeshafanya hivyo." Mama akautazama mlango wenye mnyororo, akatabasamu kidogo. "Nikamwambia Peggy, nipitishe kwanza Hartwig. Nisimame kwenye foleni yangu mara ya mwisho. Si anafungua sasa hivi?"

Peg akafuta macho kwa glavu.

Na hapo hapo, simu ikalia. Yolanda! Anapiga kelele za furaha, na nyuma yake duka zima linapiga kelele.

"Shosti! Nimekipata! Cha mwisho! Nimekikalia na sitoki, kuna mwanamke ananitukana lakini sitoki! Umempata Mama?"

"Nimempata," Noreen akasema.

"Mungu ni mwema! Basi njooni, kiti chake kinamngoja!"

Noreen akazima simu. Akanyoosha kiganja kwa dada yake.

"Nipe funguo."

"Za nini?"

"Nipe funguo, Peg. Ninaendesha mimi."

Peg akasita, kisha akampa. Sijui kwa nini alimpa. Labda hata yeye alikuwa amechoka kuwa mkubwa.

Mama akakaa mbele, Peg nyuma na sanduku. Noreen akawafunga mikanda wote wawili kama watoto, akatoa gari taratibu mpaka kwenye taa za barabarani mwisho wa maegesho. Taa ilikuwa nyekundu.

Kushoto ni nyumbani. Kulia ni makao ya wazee.

"Noreen," Peg akanong'ona kutoka nyuma. "Kulia."

Noreen aliitoa ile kofia ndani ya koti, ikiwa na joto lake, akaiweka mapajani. Mama Wilma alikuwa anatazama theluji. Kisha akageuka akamtazama binti yake, akamtazama kwa adabu, vile mtu anavyomtazama mgeni aliyempa lifti.

"Unaendesha vizuri, dada," akasema. "Wewe ni wa kule makao?"

Nyuma, Peg akaziba mdomo.

"Ndiyo," Noreen akasema. "Ni wa kule."

"Nilijua. Una uso wa mtu mwema." Mama akainama karibu, akashusha sauti. "Nina binti yangu anaitwa Noreen. Nakuomba usimwambie ninakokwenda, atalia. Mwambie tu nimeacha kofia kwenye kiti. Ataelewa."

Noreen akaishika kofia. Kitini haikuwepo tena. Aliiondoa yeye mwenyewe.

Taa ikawa kijani. Akashika usukani kwa mikono miwili, na gari halikwenda kushoto wala kulia. Nyuma yao mtu akapiga honi, kisha mwingine.

"Dada," Mama Wilma akasema kwa upole, "barabara iko wazi."